Fito nyekundu kwenye theluji: ninavyopanda dogwudi hapa Minnesota

Kuanzia Novemba hadi Machi bustani za huku kaskazini mwa Marekani hazina la kutazama. Dogwudi nyekundu ndiyo inayoniokoa. Ni kichaka cha asili ya Amerika Kaskazini, kwenye vibao vya vitalu kimeandikwa Cornus sericea, na majani yakishapukutika fito zake hubaki nyekundu kama zimepakwa rangi. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hakiijali.

Hatua ya 1: Omba fito. Kununua mche ni hasara kama jirani anacho. Mapema Machi, macho (vichipukizi vya kwenye fito) yakiwa bado yamelala, kata fito za mwaka jana zenye unene wa penseli, vipande vya sentimita 20 hivi. Chini kata mshazari, juu kata bapa, usije ukapanda kichwa chini miguu juu. Ardhi mwezi huo bado ni jiwe, kwa hiyo mimi huvitia kwenye mfuko wenye mchanga mbichi na kuviweka kwenye friji. Andika juu ya mfuko. Kwangu nusura viishie kwenye sufuria ya chai kama mdalasini.

Hatua ya 2: Chomeka. Ardhi ikilainika, zamisha theluthi mbili ya kipande, macho mawili yabaki juu. Chagua penye jua na udongo mbichi, hata pale maji yanapotuama kidogo, maana porini huota kando ya mito na vinamasi. Kivulini kitakua, ila wekundu utafifia. Acha mita 2 kati ya kichaka na kichaka.

Majani yakitoka na una shaka kama ndicho chenyewe, chana jani moja taratibu. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zitabaki zimeshikilia vipande viwili.

Hatua ya 3: Maji kila wiki kiangazi cha kwanza, matandazo ya sentimita 7 yasiyogusa shina, na wavu wa waya. Wavu usiupuuze. Sungura walinimalizia miche yote ya kwanza.

Hatua ya 4: Kata bila huruma. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Mimi nilikionea huruma kichaka changu miaka minne, kikageuka kijivu na kahawia, nikalaumu udongo. Kumbe rangi iko kwenye fito changa. Kuanzia mwaka wa tatu, kila mwisho wa baridi, ondoa theluthi moja ya fito, zile kuukuu kabisa, ukizikata karibu na ardhi. Ukikata zote kwa mpigo kitachipua upya, lakini mwaka huo utakosa maua meupe na matunda ambayo ndege huyagombania.

Tawi lililolala chini huota mizizi lenyewe. Baridi ikiisha likate kwa sepetu, umpelekee jirani mwingine.