Somo: Orodha inayosita kwenye simu ndogo, na jinsi ya kuitibu katika Flutter

Apu ya somo hili ni ndogo. Inaonyesha bei za samaki kutoka fuo za Kisumu: mbuta, ngege, omena. Kila mstari una picha, jina la ufuo, bei ya kilo na saa ambayo bei iliwekwa. Kwenye simu ya aliyeiandika inateleza vizuri kabisa. Kwenye simu ya muuzaji wa Dunga, Android yenye RAM ya GB 2, ukisukuma orodha kwa kidole inasita, inaruka, inasita tena. Muuzaji hatakwambia fremu, yaani picha moja moja ambazo skrini huchora, zinapotea. Atasema apu ni nzito, kisha atarudi kuulizia bei kwenye WhatsApp.

Hesabu yenyewe ni fupi. Skrini ya herzi 60 hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ina milisekunde 16 na ushei. Ya herzi 90 ina milisekunde 11, ya herzi 120 ina 8 hivi. Fremu ikichelewa, picha ya zamani inabaki pale pale hadi zamu inayofuata, na jicho linaona kusita. Kazi yetu yote leo ni kuingia ndani ya hizo 16.

Nafundisha kwa Flutter, zana ya kutengeneza apu kwa lugha ya Dart, kwa sababu ndiyo wengi wenu mnaitumia. Wa React Native, zana nyingine ya aina hiyo, tazameni kwenye maswali.

Hatua ya 1: Pima mahali panapouma

Usihukumu apu ikiwa katika hali ya debagi, ile ya kusaka makosa unapoandika msimbo. Humo Dart inatafsiriwa papo kwa papo na ukaguzi mwingi unaendelea chinichini, kwa hiyo hata apu nzuri huonekana mgonjwa. Chomeka simu kwa kebo na uandike:

`flutter run --profile`

Hali hii inatayarisha msimbo mapema kama ile ya kutolewa sokoni, ila inabakiza vipimo. Haifanyi kazi kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), na ni heri, kwa sababu emuleta inakopa nguvu ya kompyuta yako na majibu yake hayamhusu mtu wa Dunga. Tafuta simu duni kuliko zote unazoweza kuazima. Pima pia saa saba mchana ikiwa imekaa juani: prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi, na joto la Kisumu mnalijua. Kisha washa hali ya kuokoa betri, maana wateja wengi huiacha hivyo siku nzima.

Apu ikiwaka, bonyeza P kubwa kwenye terminali. Zitatokea grafu mbili juu ya skrini.

Hatua ya 2: Jua ni thredi gani inayochelewa

Hapa ndipo watu wengi hupaparika, basi tukae kidogo.

Flutter huchora kwa thredi mbili, yaani njia mbili za kazi zinazokwenda sambamba. Thredi ya UI inaendesha Dart yako: inajenga wijeti (vipande vinavyounda skrini), inapanga nani akae wapi, na mwishowe inatoa orodha ya maagizo ya kuchora. Thredi ya rasta inachukua maagizo hayo na kuyageuza pikseli kwa msaada wa GPU, chipu ya michoro. Ni kama duka la cherehani lenye mafundi wawili, mmoja anapima na kukata kitambaa, wa pili anashona. Nguo ikichelewa, huwezi kumgombeza mshonaji kabla hujaangalia meza ya mkataji.

Grafu ya juu ni ya rasta, ya chini ni ya UI. Nguzo nyekundu ni fremu iliyopitiliza muda. Nyekundu ikiwa chini, tatizo liko kwenye Dart yako: unajenga wijeti nyingi mno, au kuna hesabu nzito katikati ya `build`, sehemu ya msimbo inayojenga wijeti. Ikiwa juu peke yake, Dart yako ni nyepesi lakini umeagiza kitu kigumu kuchora: vivuli, ukungu, uwazi, mikato. Zikiwa nyekundu zote mbili, anza na ya chini.

Ukishajua hilo, nusu ya mbinu zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hazikuhusu. Nimeona watu wakinyunyiza `const` kila mahali ilhali UI yao haikuwa na shida yoyote. `const` ni tabia nzuri, kwani Flutter ikikuta wijeti ni ileile haiijengi upya, lakini haiponyi rasta inayolemewa.

Hatua ya 3: Acha kujenga kisichoonekana

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za wanafunzi ni hili: `ListView` yenye `shrinkWrap: true`, ndani ya `Column`, ndani ya `SingleChildScrollView`. Mtu amekutana na lile kosa la urefu usio na kikomo, ametafuta jibu mtandaoni, akaambiwa aweke `shrinkWrap`, na kweli kosa likatoweka. Bei aliyoilipa haioni. Orodha sasa inalazimika kupima mistari yake yote ili ijue urefu wake. Una samaki 400, inapima 400, ingawa skrini inaonyesha saba.

Ukitaka kichwa, kisanduku cha kutafutia na orodha vyote visogee pamoja, tumia `CustomScrollView`: kichwa kiwe `SliverToBoxAdapter`, orodha iwe `SliverList.builder`. Kama ni orodha peke yake, `ListView.builder` inatosha. Na ikiwa mistari yote ina kimo kimoja, kama kwenye apu yetu, itaje: `itemExtent: 96`. Hapo Flutter haipimi tena kila mstari, na mtu akiruka hadi mwisho wa orodha inafika kwa hesabu tu.

Hatua ya 4: Picha

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Picha ya JPEG ya megapikseli 12 inaweza kuwa na MB 3 kwenye faili. Ikifunguliwa ili ichorwe, kila pikseli inachukua baiti 4: 4000 kwa 3000 kwa 4 ni baiti milioni 48. MB 48 za kumbukumbu kwa kijipicha cha ngege ukubwa wa kidole gumba! Kache ya picha ya Flutter (hifadhi ya muda ya picha zilizofunguliwa), usipoibadilisha, ina nafasi ya MB 100. Picha mbili kama hizo zimeijaza. Ya tatu inafukuza ya kwanza, na mtumiaji akirudi juu kazi ya kufungua inaanza upya. Kwenye simu ya GB 2, Android nayo itaanza kuzifunga apu nyingine, na siku mbaya itaifunga yako.

Dawa ni kuiambia Flutter ifungue picha kwa ukubwa utakaoonekana:

`Image.network(samaki.picha, width: 80, cacheWidth: (80 * MediaQuery.devicePixelRatioOf(context)).round())`

Msisahau kuzidisha kwa uwiano wa pikseli (pikseli halisi za skrini kwa kila kipimo kimoja cha Flutter), la sivyo picha itatoka na ukungu. Taja upana peke yake, kimo kitafuata chenyewe. Kwenye simu yenye uwiano wa 2, ile MB 48 inakuwa picha ya 160 kwa 120, yaani baiti 76,800. Wanaotumia `cached_network_image`, kwenu inaitwa `memCacheWidth`.

Ili kuwanasa wahalifu, weka `debugInvertOversizedImages = true` kwenye `main` na uendeshe kwa debagi. Kila picha iliyofunguliwa kubwa kupita kiasi itageuzwa kichwa chini na rangi zake kupinduliwa. Skrini inakuwa kichekesho, lakini humkosi hata mmoja.

Hatua ya 5: `setState` iwe karibu na kinachobadilika

`setState` ndiyo amri inayoiambia wijeti ijengwe upya. Ikikaa juu mno, mtu anaandika herufi moja kwenye kisanduku cha kutafutia na ukurasa mzima unajengwa upya. Itoe sehemu inayobadilika iwe wijeti yake yenyewe, au tumia `ValueListenableBuilder` kuizunguka hiyo tu. Na usipange wala kuchuja orodha ndani ya `build`. Fanya hivyo mara moja data inapobadilika, uhifadhi matokeo.

Hatua ya 6: Mapambo

Hii ni ya waliopata nyekundu juu. `Opacity` yenye thamani kati ya 0 na 1 inailazimisha GPU ichore pembeni kwanza, kisha ibandike. Ukitaka rangi iliyofifia, fifisha rangi yenyewe: `Colors.black.withValues(alpha: 0.5)`. Kona za mviringo za kadi ziwekwe kwa `BorderRadius` ya `BoxDecoration` kabla hujakimbilia `ClipRRect`. `BackdropFilter` ndani ya kila mstari wa orodha, hapana. Ni nzuri kwa macho, najua, lakini anayetafuta bei ya omena hakuja kutazama kioo cha ukungu.

Baada ya kila hatua, rudi kwenye zile grafu mbili. Badilisha kitu kimoja, pima, kisha kingine.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kakamega: Mwalimu, habari. Natumia `async` na `await` kusoma JSON ya bei, lakini skrini bado inaganda data ikifika. Si `async` inafanya kazi pembeni?

*Jibu:* Haifanyi pembeni, ndugu. Inasubiri bila kuzuia, lakini data ikishafika, kazi ya kuichambua inarudi kwenye thredi ileile inayojenga skrini. JSON ndogo haina neno. Ikiwa kubwa, ipeleke kwenye aisoleti, nafasi ya kando ya Dart yenye kumbukumbu yake: `final bei = await Isolate.run(() => chambua(maandishi));`. Ipo tangu Dart 2.19. Kwa Flutter ya zamani zaidi tumia `compute`.

Mwanafunzi, Njoro: Nimezungushia kila mstari `RepaintBoundary` na sioni tofauti. Nimekosea wapi?

*Jibu:* `RepaintBoundary` ni uzio unaotenga uchoraji wa kilicho ndani yake. `ListView` huweka moja kwa kila mstari bila kuombwa, kwa hiyo umerudia kazi iliyokwisha fanywa. Inafaa pale kitu kidogo kinapojichora mara kwa mara kando ya vitu vilivyotulia, mfano saa inayohesabu sekunde juu ya ramani. Washa `debugRepaintRainbowEnabled` uone ni nani anayebadilisha rangi bila sababu. Usiiweke kila mahali, maana tabaka nyingi zinakula kumbukumbu.

Kutoka Bungoma: Sisi wa React Native tumesahaulika kaka.

*Jibu:* Hamjasahaulika. Ugonjwa ni uleule. `FlatList` ndani ya `ScrollView` inayosogea upande uleule ni dada yake `shrinkWrap`, iondoe. Mpe `getItemLayout` kama kimo hakibadiliki, na mstari wenyewe uufunge kwa `memo`. Mwendo wa `Animated` upewe `useNativeDriver: true`, ukijua inakubali `transform` na `opacity` lakini si vipimo kama upana. Picha kubwa kwenye Android, jaribu `resizeMethod="resize"`. Toa `console.log` zote kabla ya kutoa apu. Na pima katika toleo la kutolewa sokoni. Mkiwa chini ya 0.76, pangeni kupanda, kwa sababu tangu hapo, Oktoba 2024, muundo mpya umewashwa tangu mwanzo.

Kutoka Busia: Wateja wangu wana Android 8. Hiyo Impeller itawasaidia?

*Jibu:* Kwa hao, usiitegemee. Impeller, injini mpya ya kuchora ya Flutter, kwenye Android ilianza kuwashwa yenyewe katika Flutter 3.27, kwa Android 10 kwenda juu. Simu za zamani zaidi, au zisizo na Vulkan (njia mpya ya kuiagiza GPU), zinarudi kwenye njia ya zamani, ya OpenGL. Kwenye njia hiyo utaona mwendo fulani ukisita mara ya kwanza tu, halafu unakuwa laini: ni sheda, programu ndogo za GPU, zinatayarishwa wakati mtumiaji anangoja. Punguza madoido kwenye kurasa za mwanzo.

Kutoka Kondele: Mwalimu, `cacheWidth` nimeweka na kumbukumbu imeshuka, asante. Lakini bando bado linaisha haraka.

*Jibu:* Ndiyo dada, kwa sababu faili la MB 3 bado linapakuliwa zima, ndipo linafunguliwa dogo. Libane pale linapopakiwa: `image_picker` ina `maxWidth` na `imageQuality`. Upana wa 1024 unatosha kabisa kuonyesha samaki. Bora zaidi, seva itoe nakala ndogo ya orodha na kubwa ya ukurasa wa samaki mmoja.

Kutoka Nakuru: Nimefuata zote. Grafu hazina nyekundu hata moja, na bado mteja analalamika apu inachelewa.

*Jibu:* Muulize inachelewa wapi. Nadhani atakuonyesha kile kiduara kinachozunguka apu ikifunguka. Hapo uchoraji hauna hatia, fremu 60 za kiduara zinachorwa vizuri kila sekunde. Anachosubiri ni mtandao. Hifadhi bei za mwisho kwenye simu kwa `sqflite`, zionyeshe papo hapo pamoja na saa zilipochukuliwa, kisha uzisasishe jibu la seva likifika.