Kupima kama BCR-ABL inafanya kazi: westani bloti ya CrkL hatua kwa hatua

Westani bloti hutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kisha huonyesha ile unayoitafuta kama mstari kwenye utando. Bloti inayoonyesha kwamba protini fulani imejaa kwenye seli za saratani haijaonyesha kwamba protini hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa. Wingi ni jambo moja, kazi ni jambo jingine. Kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine, inaweza kuwa tele ndani ya seli ikiwa imelala, na inaweza kuwa kidogo huku inachapa kazi mfululizo. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi wa uzamili zinazoruka kutoka wingi hadi chanzo cha ugonjwa bila kupita katikati, na hiyo katikati ndiyo ninayoiandikia mwongozo huu.

Tutatumia lukemia sugu ya mayeloidi, kwa sababu chanzo chake kinajulikana vizuri kuliko cha saratani nyingine karibu zote. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba vipande vya kromosomu 9 na 22 vimebadilishana nafasi. Pale vilipounganishwa, jeni ya BCR hukutana na jeni ya ABL1, na seli huanza kutengeneza protini mpya, BCR-ABL, ambayo kwenye ugonjwa huu huwa na uzito wa kilodaltoni 210 hivi. ABL ya kawaida hujizuia yenyewe mpaka ipate amri. BCR-ABL haingoji amri: inabandika fosfeti kwenye tairosini (mojawapo ya asidi amino) za protini nyingine saa zote, na seli inaendelea kugawanyika kana kwamba imeambiwa.

Imatinib, dawa ya lukemia hii, huingia kwenye mfuko wa kinasi hiyo unaopokea ATP (molekuli inayotoa fosfeti ya kubandikwa) na kuuziba. Iliidhinishwa Marekani Mei 2001, na wagonjwa wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiipata bila malipo kupitia mpango wa msaada wa dawa. Kwa hiyo ukipima njia hii ya ishara maabara, unapima kitu kinachoamua tiba ya watu waliopo kliniki leo.

Hatua ya 1: Chagua unachopima

Hatutaanza na BCR-ABL yenyewe. Ni kubwa, inahama kwa shida kutoka kwenye jeli, na seli za mayeloidi zina vimeng'enya vingi vya kukata protini vinavyoimaliza haraka seli zikishapasuliwa. Tutapima CrkL, protini ya kilodaltoni 39 inayojishikiza kwenye BCR-ABL na kutiwa fosfeti kwenye tairosini ya 207. Ni imara, ipo ya kutosha, na hali yake ya fosfeti hufuata kazi ya BCR-ABL kwa karibu sana.

Unahitaji kingamwili mbili: moja inayotambua CrkL yenye fosfeti kwenye tairosini 207 tu, nyingine inayotambua CrkL yote, yenye fosfeti na isiyo nayo. Bila ya pili, ya kwanza haina maana.

Hatua ya 2: Seli na kontroli

K562 ni ukoo wa seli uliotokana na mwanamke wa miaka 53 mwenye lukemia hii katika hatua yake kali; ulielezwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Seli zake huelea, hazishiki sakafu ya chupa. Zilee kwenye RPMI 1640, kimiminika cha kulelea seli, yenye seramu ya ndama asilimia 10, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Huongezeka maradufu kwa siku moja hivi, kwa hiyo usiziache zikasongamana. Seli zilizosongamana zina ishara tofauti hata kabla hujatia dawa. Pima mikoplazma kwanza, yaani bakteria wadogo sana wanaochafua seli. Mikoplazma haionekani kwa darubini ya kawaida, lakini hubadilisha tabia ya seli kiasi cha kukuharibia matokeo ya mwezi mzima.

Chukua pia HL-60, seli za lukemia isiyo na BCR-ABL. Hizi zitakuonyesha bloti inavyoonekana pale kinasi hiyo isipokuwepo.

Siku ya jaribio, weka K562 kwenye sahani, seli 500,000 kwa kila mililita, mililita 5 kila sahani.

Hatua ya 3: Dozi

Tengeneza imatinib ya milimola 10 kwenye DMSO, kimiminika kinachoyeyusha dawa, igawe kwenye vichupa vidogo, gandisha. Kutoka hapo andaa, bado ndani ya DMSO, viwango vya milimola 1, 0.3, 0.1 na 0.03. Kila sahani itapata maikrolita 5 za kiwango chake, na sahani ya kontroli itapata maikrolita 5 za DMSO tupu. Hivyo dozi za mwisho zinakuwa maikromola 1, 0.3, 0.1 na 0.03, na DMSO ni asilimia 0.1 kila mahali. Wengi huchota ujazo tofauti kutoka kwenye chupa moja; wakifanya hivyo, DMSO nayo inapanda pamoja na dawa, na hakuna anayeweza kusema badiliko limeletwa na kipi.

Acha saa 4. Ukingoja siku mbili, seli nyingi zitakuwa zinakufa, na seli inayokufa hupoteza ishara zake zote. Utaona mstari umefifia ukadhani umezuia kinasi, kumbe unapima maiti. Muda mfupi unakupa athari ya kwanza ya dawa kabla ya matokeo yake ya mbali.

Hatua ya 4: Kuvuna

Hapa ndipo bloti nyingi za fosfeti huharibika, kwa hiyo soma hatua hii yote kabla ya kushika pipeti.

Imatinib haijafungwa kwenye kinasi kwa kudumu. Ukiosha seli kwa bafa ya uvuguvugu, dawa inatoka na BCR-ABL inaamka. Ukizipasua kwa bafa laini ya kawaida, kinasi inaweza kuendelea kubandika fosfeti ndani ya kichupa, na wakati huohuo vimeng'enya vingine vinazibandua. Unachopima basi ni kilichotokea kwenye barafu yako, wala si ndani ya seli.

Suluhisho la tatizo hili ni kuua vimeng'enya vyote kwa mpigo mmoja:

Poza sentrifuji hadi nyuzi 4 mapema. Hamishia seli kwenye mirija iliyo kwenye barafu, zungusha kwa nguvu ya 300 g dakika 5. Mwaga maji ya juu, osha mara moja tu kwa PBS (bafa ya chumvi yenye fosfeti) baridi kama barafu yenye sodiamu othovanadeti ya milimola 1, inayozuia vimeng'enya vya kubandua fosfeti, zungusha tena. Ondoa maji yote. Kisha mimina juu ya mashapo maikrolita 250 za bafa ya sampuli yenye SDS (sabuni kali), iliyokwisha kupashwa moto hadi nyuzi 95, na weka mrija kwenye kipasha joto dakika 5 hadi 10. SDS ya moto hukunjua kila protini papo hapo. Kinasi, fosfatasi (vimeng'enya vinavyobandua fosfeti) na vikata protini vyote vinasimama.

Sampuli itakuwa nzito na yenye kamasi kwa sababu ya DNA. Ivute na kuitoa kupitia sindano nyembamba ya geji 25 au 27 mpaka idondoke kama maji. Usiruke hili, la sivyo sampuli itapanda juu ya kisima cha jeli na kumwagikia jirani yake.

Bafa hii ya sampuli haipatani na vipimo vya kawaida vya protini, ndiyo maana tulihesabu seli mwanzoni: seli milioni 2.5 ndani ya maikrolita 250 ni seli 10,000 kwa kila maikrolita. Kama unataka kupima protini kwa BCA (kipimo cha protini kwa rangi), pasua kwa bafa ya SDS asilimia 2 isiyo na DTT (kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa) wala rangi, pima, halafu ongeza vilivyobaki.

Hapa unaweza kusimama. Sampuli zilizochemshwa hukaa vizuri nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa maabara ambazo umeme hukatika, hili ndilo jambo la kupangilia siku: malizia kuvuna leo, endesha jeli na uhamisho siku yenye uhakika wa umeme, kwa sababu jeli iliyosimama katikati ya safari huacha protini zisambae na mistari inatoka imefifia kingo.

Hatua ya 5: Jeli

Tumia jeli ya asilimia 12. Pakia maikrolita 10 kila kisima, alama za uzito pembeni, na HL-60 mwishoni. Vaa glavu, akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva.

Endesha jeli mpaka rangi ya mbele ifike ukingoni, na zaidi kidogo. Sababu ipo: CrkL yenye fosfeti hutembea polepole kidogo kuliko isiyo nayo. Kwenye jeli iliyoendeshwa vizuri, kingamwili ya CrkL yote peke yake itakuonyesha mistari miwili iliyokaribiana, wa juu wenye fosfeti na wa chini usio nayo. Kwa maabara isiyo na fedha za kununua kingamwili ya fosfeti, hiyo inatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Uhamisho

Lowesha utando wa PVDF (plastiki inayoshika protini) kwenye methanoli sekunde chache, kisha kwenye bafa. Panga tabaka, ondoa kila kiputo cha hewa kwa kuviringisha mrija juu yake, hamisha kwa volti 100 saa moja ndani ya barafu. Ukimaliza, paka Ponceau S, rangi inayoonyesha protini zote, na piga picha. Picha hiyo ni ushahidi kwamba kila safu ina protini sawa, na mimi naiamini kuliko mstari wa aktini, protini ambayo wengi huitumia kulinganisha safu, ambao hujaa upesi na kuficha tofauti.

Hatua ya 7: Kingamwili

Ziba utando kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5 ndani ya TBST (TBS, yaani bafa ya Tris, yenye sabuni ya Tween), saa moja. Usitumie maziwa ya unga kwenye bloti ya fosfeti: kaseini ya maziwa yenyewe ina fosfeti nyingi na inaweza kuongeza weusi wa nyuma. Tumia TBS badala ya PBS kwa sababu hiyohiyo ya fosfeti.

Kingamwili ya fosfo-CrkL, 1 kwa 1,000 kama mtengenezaji hakusema vingine, nyuzi 4 usiku kucha. Osha mara tatu, dakika 5 hadi 10 kila mara. Kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza na kubeba kimeng'enya cha HRP, saa moja. Usitie sodiamu azaidi kwenye kingamwili hii; azaidi huua HRP na utakaa mbele ya utando mtupu. Osha tena, mimina ECL (kimiminika ambacho HRP hukifanya kitoe mwanga), piga picha kwa muda tofautitofauti, kuanzia sekunde chache.

Kwa CrkL yote, endesha jeli ya pili yenye sampuli zilezile kama zinatosha. Kuvua kingamwili na kurudia utando uleule kunawezekana, ila ukivua, anza na fosfo na umalizie na ya jumla, kwa sababu kila mvuo huondoa protini kidogo.

Hatua ya 8: Kusoma

Kwanza chagua picha ambayo hakuna mstari uliojaa. Mstari uliojaa haupimiki hata uonekane mzuri vipi. ImageJ ni ya bure na inatosha: pima fosfo-CrkL, pima CrkL yote, gawa ya kwanza kwa ya pili kwa kila safu, halafu linganisha na safu ya DMSO.

Unachotarajia: safu ya DMSO ina fosfo-CrkL nyeusi, inashuka kadiri dozi inavyopanda, na kwenye maikromola 1 imebaki kidogo sana, CrkL yote inakaa palepale. HL-60 haina au ina kidogo tu. Kama CrkL yote nayo imeshuka kwenye dozi ya juu, angalia Ponceau kabla ya kusema lolote: huenda ulivuna seli chache.

Rudia jaribio zima mara tatu, kuanzia seli zilizolelewa siku tofauti. Kupakia sampuli moja kwenye visima vitatu kunapima mkono wako wa pipeti tu.

Hatua ya 9: Kutoka uhusiano hadi chanzo

Mpaka hapa umeonyesha kwamba imatinib inashusha fosfo-CrkL. Msomaji makini atakuuliza: imatinib huzuia pia kinasi nyingine, KIT na kipokezi cha PDGF; unajuaje kwamba ni BCR-ABL? Swali ni la haki, na jibu lake ni jaribio.

Pata seli za Ba/F3. Ni seli za panya zinazohitaji IL-3, protini ya kuashiria, ili ziishi. Zikiwekewa BCR-ABL zinaishi bila IL-3. Andaa makundi mawili: moja lenye BCR-ABL ya kawaida, jingine lenye BCR-ABL yenye badiliko la T315I, yaani threonini ya 315 imekuwa isolusini. Badiliko hilo moja huondoa kishikizo ambacho imatinib inakihitaji na kuziba nafasi yake. Mwaka 2001 lilionekana kwa wagonjwa ambao dawa iliacha kuwafanyia kazi, na kwenye seli zao CrkL ilikuwa imerudi kutiwa fosfeti.

Tia makundi yote mawili imatinib maikromola 1, saa 4, bila IL-3, vuna kwa SDS ya moto kama mwanzo. Kundi la kwanza fosfo-CrkL inashuka. Kundi la T315I inabaki. Seli ni zilezile, dawa ni ileile, kilichobadilika ni asidi amino moja ndani ya kinasi moja. Ongeza sahani ya T315I yenye ponatinib, dawa iliyotengenezwa ili ipite kwenye kizuizi hicho, na ishara itashuka tena.

Sambamba na hayo, lea Ba/F3 zenye BCR-ABL ya kawaida siku 3 pamoja na imatinib, nusu zikiwa na IL-3, nusu bila, kisha hesabu seli hai kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Zisizo na IL-3 zitakufa. Zenye IL-3 zitaendelea kugawanyika hata dawa ikiwepo, kwa kuwa zimepata ishara ya kuishi kutoka mlango mwingine. Zikifa zote mbili, dozi yako ina sumu ya jumla: ishuke hadi maikromola 0.5 na urudie kabla ya kupeleka picha yoyote kwa msimamizi wako.