Somo: Kufuma rangi mbili kwa kuhamisha vitanzi

Wengi wanaojua pleini na palo, mishono miwili ya msingi ya kufuma kwa sindano mbili, huogopa rangi mbili kwa sababu walijaribu kushika nyuzi mbili katika safu moja, kitambaa kikajikunja na nyuzi zikasokotana. Somo hili ni la njia nyingine. Kila safu inafumwa kwa uzi mmoja tu. Rangi ya pili inaonekana kwa sababu vitanzi vyake vya safu za chini vinahamishwa kutoka sindano ya kushoto hadi ya kulia bila kufumwa, vinapanda juu na kusimama katikati ya rangi mpya. Ukishajua kufuma mistari ya kawaida, umebakisha jambo moja tu la kujifunza: uzi ukae wapi wakati kitanzi kinahama.

Nitauita upande wa kuonyesha watu USO wa kitambaa, na upande wa ndani MGONGO. Kanuni ni hii: kitanzi kinapohama, uzi ulale mgongoni. Uso ukikutazama, uzi uko nyuma ya sindano, mbali nawe. Mgongo ukikutazama, uzi uko mbele ya sindano, upande wako. Makosa mengi yanayoletwa kwenye kikundi chetu hapa Nakuru yanatokana na hapo.

Vifaa

Nyuzi mbili za unene mmoja. Chukua akriliki ya unene wa kati, ile ambayo lebo yake inataka sindano ya milimita 4. Kwa kipande cha mazoezi, gramu 20 za rangi zote mbili kwa jumla zinatosha na kubaki.

Sindano za milimita 4.5, yaani kubwa kidogo kuliko lebo inavyosema, kwa sababu kuhamisha vitanzi hukaza kitambaa. Sindano za spoki ya baiskeli hazifai hapa. Spoki ina unene wa karibu milimita 2, na kwa uzi huu utapata kitambaa kigumu kama zulia.

Rangi zitofautiane kwa weusi na weupe, si kwa jina tu. Nyekundu na kijani huonekana mbali sana dukani, kumbe zina giza sawa, na mchoro unapotea. Piga picha ya mabonge mawili kwa simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Yakifanana, rudisha moja. Hapa ninatumia damu ya mzee (D) na krimu (K). Kabla ya kuanza, lowesha kipande kidogo cha uzi wa damu ya mzee, ukibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Kikiacha doa, uzi huo unatoa rangi na utaharibu krimu siku ya kufua.

Namna ya kuhamisha kitanzi

Ingiza ncha ya sindano ya kulia kama unayetaka kufuma palo, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kitelezeshe kitanzi. Usikivute, usikigeuze. Ukiingiza kama wa pleini, kitanzi kinageuka, miguu yake inapishana, na juu ya uso utaona alama ya X nyembamba badala ya V iliyojaa.

Uzi unaopita nyuma ya kitanzi kilichohamishwa uwe na nafasi. Kabla ya kufuma kitanzi kinachofuata, tandaza vitanzi vya sindano ya kulia kwa kidole, ndipo ufume. Usiuvute uzi baada ya kuhamisha. Mkono mzito hapa ndio unaoleta mikunjo.

Mchoro wa kwanza

Idadi ya vitanzi iwe kizidisho cha 4, kisha ongeza 3. Kwa mazoezi tutumie 27 (mara sita nne ni 24, na 3).

Anzisha vitanzi 27 kwa krimu. Fuma safu moja yote pleini. Hiyo ni safu ya mgongo. Usikate krimu, iache ining'inie. Unganisha damu ya mzee.

Safu ya 1 (uso, D): pleini 3, \*hamisha 1 uzi ukiwa nyuma, pleini 3\*. Rudia kutoka nyota hadi nyota mpaka mwisho.

Safu ya 2 (mgongo, D): pleini 3, \*leta uzi mbele, hamisha 1, rudisha uzi nyuma, pleini 3\*. Rudia mpaka mwisho. Vitanzi unavyohamisha ni vile vile vya krimu, kwa hiyo macho yatakuongoza kuliko kuhesabu: cha damu ya mzee fuma, cha krimu hamisha.

Safu ya 3 (uso, K): pleini 1, \*hamisha 1 uzi ukiwa nyuma, pleini 3\*. Rudia hadi vibaki viwili, hamisha 1, pleini 1.

Safu ya 4 (mgongo, K): pleini 1, \*leta uzi mbele, hamisha 1, rudisha uzi nyuma, pleini 3\*. Rudia hadi vibaki viwili, leta uzi mbele, hamisha 1, rudisha uzi nyuma, pleini 1.

Rudia safu hizi nne. Ukishamaliza mzunguko wa tatu utaona vitone vya krimu juu ya damu ya mzee na vya damu ya mzee juu ya krimu, vikipishana kama matofali ya ukuta. Endelea hadi kipande kiwe mraba, karibu sentimita 13 kila upande, kisha funga vitanzi kwa rangi uliyoishia nayo.

Kwa nini safu mbili mbili? Kwa sababu uzi ukienda na kurudi, unajikuta ulipoanzia, na rangi zote mbili zinakutana ukingo wa kulia. Hakuna kukata. Unapobadilisha rangi, toa uzi mpya kutoka chini ya ule unaouacha, ili pasiwe na tundu ukingoni, na uuache ulegee kidogo. Katika mchoro huu kitanzi cha kwanza na cha mwisho vifumwe daima; ukivihamisha, ukingo unakuwa na meno.

Kusoma mchoro wa miraba

Mchoro huo huo kwa miraba, vitanzi 11 tu, unasomwa kutoka chini:

K D K K K D K K K D K
D D D K D D D K D D D

Kila mstari wa mchoro ni safu mbili za kufuma. Mraba wa kwanza upande wa kulia unakuambia rangi ya uzi utakaoshika. Miraba yenye rangi hiyo inafumwa, yenye rangi nyingine inahamishwa. Safu ya kurudi haiandikwi, kwa sababu unafanya yale yale uliyoyakuta.

Ukitaka kubuni mchoro wako kwenye daftari la hesabu la miraba, shika mambo mawili. Kwanza, mraba wowote wa kuhamishwa lazima ukae juu ya mraba wa rangi ile ile katika mstari wa chini yake. Huwezi kuhamisha krimu mahali ambapo krimu haipo. Pili, usihamishe zaidi ya vitanzi vitatu mfululizo, la sivyo uzi wa mgongoni unakuwa mrefu na vidole vya mtoto vinanasa. Ndiyo maana michoro ya njia hii inapenda ngazi, pembe za L na ufunguo (mstari unaojikunja kwa pembe za mraba), na haipendi duara.

Kazi ikiharibika

Vitanzi vimekuwa 28. Katika safu ya mgongo ulileta uzi mbele, ukahamisha, ukasahau kuurudisha nyuma kabla ya pleini. Uzi ulipita juu ya sindano na kuwa kitanzi cha bure. Kiangushe katika safu inayofuata; nafasi yake itajificha yenyewe.

Kuna mstari mdogo umelala juu ya kitanzi upande wa uso, kama kope. Uzi ulikuwa usoni wakati wa kuhamisha. Kama safu hazijazidi nne tangu hapo, acha kitanzi kimoja tu kiporomoke hadi mahali pa kosa, kipitishe mbele ya ule mstari, kisha kipandishe kwa sindano ya kroshia. Angalia safu za jirani ili ujue wapi ni pleini na wapi ni kinundu, kile kivimbe cha palo.

Kipande kinajikunja katikati huku kingo zimelegea: unavuta uzi. Ongeza sindano hadi milimita 5. Kisipotulia hapo, fumua. Kuosha hakutanyoosha uzi uliobanwa.

Vitone havipishani, vimesimama safu moja kama nguzo: ulirudia safu ya 1 na 2 kwa krimu badala ya safu ya 3 na 4, au ulianza safu ya 3 kwa pleini 3.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mimi niko Molo na nina sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono. Naweza kuichanganya na akriliki?*

Usichanganye. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa hushikana na kufupika, akriliki haifupiki, kwa hiyo baada ya kufua mara mbili kitambaa kitakuwa na mawimbi. Tumia sufu kwa rangi zote mbili. Nyeupe na kahawia ya asili ya kondoo hupendeza sana kwa mchoro huu. Osha nyuzi kwanza, zikauke, ndipo ufume, kwa sababu mafuta ya sufu hukaza uzi kwenye sindano. Sehemu nene sana zikate, usizilazimishe.

*Huku Kisumu joto halituruhusu sweta. Pamba inaweza?*

Inaweza, lakini pamba haina mvutiko, haikusamehe. Panda hadi sindano ya milimita 5, na baki na michoro inayohamisha kitanzi kimoja kimoja. Vitambaa vya meza na vya kufutia vyombo hutoka vizuri, maana kitambaa hiki ni kinene na kinashika maji.

*Mwalimu, kofia ya mtoto kwa sindano ya mviringo, zile safu za mgongo zinakuwaje? Niko Kericho, baridi imeingia.*

Hazipo. Ukizunguka, uso unakutazama muda wote, kwa hiyo uzi uko nyuma kila unapohamisha. Vitanzi viwe kizidisho cha 4 bila kuongeza 3. Vitanzi 96, ikiwa mvuto wako ni vitanzi 20 kwa sentimita 10, vinakupa sentimita 48. Anza na ukingo wa pleini 2, palo 2 kwa krimu. Kisha:

Mzunguko wa 1 (D): \*pleini 3, hamisha 1\*.
Mzunguko wa 2 (D): \*palo 3, peleka uzi nyuma, hamisha 1\*, ukirudisha uzi mbele kwa palo inayofuata.
Mzunguko wa 3 (K): \*pleini 1, hamisha 1, pleini 2\*.
Mzunguko wa 4 (K): \*palo 1, peleka uzi nyuma, hamisha 1, rudisha uzi mbele, palo 2\*.

Ukitaka kofia nyororo badala ya vinundu, fanya pleini badala ya palo. Pima kichwa cha mtoto kwanza, kwa sababu kitambaa hiki hakitanuki kama cha pleini tupu.

*Blanketi la mtoto la sentimita 75 kwa 90 linataka uzi kiasi gani?*

Pima kipande chako cha mazoezi kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni sentimita 13 kwa 13 na kina gramu 14. Eneo lake ni 169, la blanketi ni 6,750, yaani karibu mara 40. Mara 40 kwa 14 ni gramu 560. Ongeza sehemu moja ya kumi, iwe 616. Kwa mabonge ya gramu 50, nunua 14: saba ya kila rangi. Nunua yote siku moja na uangalie namba ya mkupuo wa rangi (lot) kwenye lebo. Damu ya mzee ya bonge la mwezi ujao si lazima ifanane na ya leo, na katika mistari mipana tofauti inaonekana kutoka mlangoni.

*Nataka kuandika jina la mtoto ndani ya mchoro.*

Herufi nyingi zinavunja ile kanuni ya mraba wa chini. Acha sehemu ya rangi moja ya pleini usoni na palo mgongoni, kisha darizi jina juu ya vitanzi kwa sindano butu, ukifuata V za uzi.

*Mimi ni wa Kakamega, nashona mikoba. Kuna njia ya kupata kitambaa kigumu kisichovutika?*

Ipo, na ndiyo pekee katika somo hili ambapo kanuni inageuzwa makusudi: uzi unalazwa usoni. Idadi ya vitanzi iwe shufwa, mfano 40, sindano ya milimita 5.5.

Safu ya 1 (uso): \*pleini 1, leta uzi mbele, hamisha 1, rudisha uzi nyuma\*.
Safu ya 2 (mgongo): \*palo 1, peleka uzi nyuma, hamisha 1, leta uzi mbele\*.

Tumia rangi tatu, safu moja kwa kila rangi. Rangi ya pili iunganishe ukingo wa kushoto, ya tatu wa kulia. Kwa tatu, kila uzi unakukuta ukingo unaouhitaji. Kwa mbili, safu moja moja, uzi utakuwa upande wa pili unakungoja na utalazimika kukata. Uso utafanana na kitambaa kilichofumwa kwenye kitanda cha mfumaji. Ni polepole, safu nyingi kwa sentimita chache, ila mkoba wake haulegei ukibeba viazi.