Kunakshi Bakuli la Udongo kwa Rangi ya Chini ya Gleizi

Katika kazi ya kupaka bakuli rangi inayokaa chini ya gleizi, yaani utando unaogeuka kioo tanurini, na kisha kuikwangua ili udongo wa chini utokeze kama nakshi, unyevu wa udongo ndio unaoamua uzuri wa chombo, hata kuliko wepesi wa mkono.

Subiri bakuli lishikane kiasi kwamba ukilibana halibonyei, lakini ukilikwaruza kwa ukucha linaacha alama isiyotoa vumbi. Likiwa bichi mno, kisu kitaburuta udongo na kuvimbisha kingo za mstari. Likikauka mno, rangi itabanduka vipande vipande na mistari itakuwa na meno. Kwa kawaida mdomo wa bakuli hutangulia kukauka, kwa hiyo lifunike kwa mfuko wa plastiki usiku kucha ili unyevu ulingane.

Rangi yenyewe ni udongo laini uliochanganywa na oksidi za metali, kama kobalti inayotoa buluu au chuma kinachotoa hudhurungi. Ipake kwa brashi laini, mikono miwili au mitatu, yaani matabaka ya rangi, ukisubiri kila mkono upoteze mng'ao wa maji kabla ya kuongeza mwingine. Kwa maoni yangu, anayeanza atumie rangi nyeusi juu ya udongo mweupe, kwa kuwa hapo mstari unaonekana waziwazi.

Chora nakshi kwanza kwa penseli, ambayo alama zake huungua tanurini. Kata mistari mikuu kwa ncha kali, kisha kwangua sehemu pana kwa kitanzi cha waya, ukiligeuza bakuli badala ya kuupinda mkono. Chembe zinazotoka ziache hapo hapo, kwani ukizifuta zikiwa bichi zitaipaka rangi mistari uliyokwisha kuifungua. Zikikauka, zipanguse polepole ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi la udongo lina silika inayodhuru mapafu.

Chombo kikishakauka kabisa, kichome kwa nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, kisha ukipake gleizi angavu na kukichoma tena kwa joto linaloufaa udongo na gleizi yako. Utando ukiwa mzito, nakshi itafunikwa na ukungu mweupe. Kitako kisipakwe, la sivyo bakuli litagandia kwenye rafu ya tanuri. Vyungu vinavyochomwa uwanjani kwa kuni na majani havipati joto la kutosha kuiyeyusha gleizi ya namna hii. Hivyo vichorwe vikiwa vibichi na kusuguliwa kwa kokoto laini kabla ya kuchomwa.