Mavi ya mbwa sio samadi: yaliyonikuta Minnesota

Mama mkwe alikuja kututembelea huku Minnesota, Marekani, mwezi wa tano mwaka juzi. Ni mama wa Kibosho kule Moshi, amekulia kihambani, akiona kipande cha ardhi kimekaa bure hivi hivi anaumwa kabisa. Wiki ya pili tu alishapalilia kipande nyuma ya nyumba na kupanda mchicha, sukuma wiki na dhania, mimi wala sikufuatilia maana napiga shifti za usiku masaa kumi na mbili kwenye nyumba ya wazee, nikirudi nalala. Sasa asubuhi moja ya mwezi wa saba narudi namkuta kainama na kisu, kitenge kimejaa mchicha, majani mapana kama masikio ya tembo, yanang'aa. Nikamuuliza mama, huu umeuwekea nini? Akanyoosha kisu kwenye lile pipa jeusi kwenye kona ya uzio.

"Si ile samadi yako baba Neema. Umeihifadhi vizuri kweli."

Lile pipa lilikuwa na mavi ya mbwa ya miezi nane.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna ndugu anahamia huku, watoto wanamlilia anunue mbwa, ananunua, halafu anaanza kuokota na kujiuliza haya mavi nayapeleka wapi, na anasoma kwenye intaneti kwamba unaweza kutengeneza mboji mwenyewe nyumbani. Inawezekana, sikatai. Ila kuna mtego na mimi niliuingia mzima mzima. Mambo ya kawaida nayamaliza kwa sentensi moja: chanjo ya kichaa cha mbwa, leseni kama mji wako unataka, kamba shingoni, mfuko mfukoni, okota kila mara. Hayo hata mtoto wa darasa la pili huku atakufundisha.

Mtego wenyewe ulianzia Toronto, Kanada. Tulikaa pale miaka minne na Toronto wana pipa la kijani la mabaki ya chakula, na mavi ya mbwa yanaruhusiwa humo, hata ukiyafunga kwenye mfuko wa plastiki, hata pampasi za mtoto zinaingia. Wana mitambo mikubwa ambayo inatenganisha plastiki halafu yanayobaki yanachachushwa kwenye matangi yasiyo na hewa, mmoja uko Disco Road. Kwahiyo kichwani mwangu ikakaa kwamba pipa la mabaki ya chakula ni la mavi pia, kwisha. Tukahamia Minnesota, mji mdogo pembeni ya Minneapolis, tukapewa pipa linalofanana, nikaendelea kutupia humo. Wiki ya tatu nakuta karatasi imefungwa kwenye mkono wa pipa, uchafu usioruhusiwa. Nikapuuza. Wiki iliyofuata wameliacha limejaa, jua la mwezi wa nane, majirani wote wanapita na mbwa wao wanaangalia.

Narudia hapa kwa sababu ndo kosa la kwanza: RANGI YA PIPA HAIKWAMBII KITU. Toronto ndiyo, huku kwetu hapana, Minneapolis yenyewe hapana, mji wa jirani na wako unaweza kuwa na yake. Ukihama hata kilomita kumi, uliza upya.

Na mifuko ya kijani isikudanganye. Imeandikwa inaoza, imechorwa jani, inauzwa bei mara mbili. Mwaka 2015 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji 20 wa mifuko ya kinyesi cha mbwa ikiwaonya kwamba hayo maneno huenda yanawapotosha wateja. Mfuko ambao kweli unaoza unahitaji joto la kiwanda cha mboji, na kiwanda chenyewe kama hakipokei mavi basi umelipia jani la kuchora.

Ndo nikaamua nitengeneze mboji mwenyewe. Mimi mtoto wa mkulima bwana, nishindwe na mavi?

Nikapata mwongozo wa wizara ya kilimo ya Marekani wa mwaka 2005, ulitokana na kazi waliyofanya Fairbanks, Alaska, na watu wanaofuga mbwa wa kuvuta sleji, yale magari ya kuteleza kwenye theluji. Kazi nzuri. Sehemu mbili za kinyesi, sehemu moja ya vumbi la mbao, maji kiasi cha sponji uliyokamua, rundo linapanda mpaka nyuzi 63 za sentigredi, likianza kupoa unageuza, baada ya wiki kadhaa una mboji. Nikanunua pipa, nikanunua maranda ya kuwekea sungura, nikanunua na themometa ndefu ya dola 20. Nikajiona mtaalamu.

Nilichoruka kusoma kwa akili ni kwamba hao watu wa Alaska wana mbwa wengi sana. Wanakusanya kinyesi cha kujaza rundo zima kwa muda mfupi. Joto la mboji linatoka kwenye wingi, unahitaji kama mita moja ya ujazo kwa mpigo ndo bakteria wapate moto na moto usitoroke. Mimi nina mbwa mmoja tu, Simba. Mbwa wa saizi yake anatoa kama theluthi ya kilo kwa siku, unaiweka leo inapoa, kesho unaiwekea nyingine juu inapoa nayo, na hapo usisahau baridi ya huku, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu lile pipa lilikuwa jiwe, unagonga kwa beleshi linalia ngo ngo. Siku ya jua kali mwezi wa sita nilichoma themometa katikati ikasoma 31. Na nje siku hiyo ilikuwa 31.

Sikuitengeneza mboji. Niliyahifadhi mavi. Mbaya zaidi kwa nje yalishabadilika, meusi, yanapukutika kama udongo wa msituni, mama mkwe hana kosa kabisa, hata bwana shamba angedanganyika.

Sasa kwanini joto ni la lazima. Mbwa ana minyoo ya duara, na watoto wa mbwa wengi wanaipata kwa mama yao kabla hata hawajazaliwa. Mayai yake yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo hiyo, yanahitaji wiki kadhaa yakomae kwenye udongo, ndo maana ukiokota mapema umejisaidia sana. Lakini yakishaingia kwenye udongo yanaweza kuishi miaka, baridi ya Minnesota haiyaui. Mtoto anashika udongo, anaweka kidole mdomoni, viluwiluwi vinatembea mwilini vinafika kwenye ini, mapafu, na vikifika kwenye jicho, jicho hilo linaweza kupofuka. Ng'ombe anakula majani, samadi yake tumekulia nayo chini ya migomba. Mbwa anakula nyama. Sio kitu kimoja. MAVI YA MBWA SIO SAMADI, na hata hao wa Alaska waliofikisha nyuzi 63 wanakwambia mboji hiyo usiweke kwenye chochote kinacholiwa, weka kwenye maua na miti ya kivuli.

Mchicha tunauchemsha, ikanipa ahueni. Halafu nikakumbuka dhania. Dhania inaliwa mbichi kwenye kachumbari, na Neema na mdogo wake walikuwa wanakula kachumbari ya bibi kila jumapili. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi na viatu vya kazi. Tukawapeleka kwa daktari wa watoto, ikabidi nieleze yote, daktari anaandika kwenye kompyuta hanitazami usoni. Damu ilipimwa, wako salama, namshukuru Mungu. Bili ya hospitali sitaitaja, mke wangu anasoma humu.

Nikaeleza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, wakanicheka. Mjomba wangu wa Arusha akaandika mnajifanya wazungu, hapa mbwa anajisaidia popote na tunaishi. Mwingine akasema changanya na majivu, majivu yanaua kila kitu. Wajomba zangu nawaheshimu, ila majivu si ya kutegemea kuua mayai ya minyoo, na mbwa wa huko nyumbani anazunguka mtaa mzima, mavi yake hayajakusanywa miezi nane kwenye pipa moja halafu yakamwagwa kwenye dhania ya wajukuu. Na tusijidanganye kwamba kwetu hakuna madhara. Waulizeni watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kule kuna minyoo mingine ya mbwa inayoleta uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu, mkubwa mpaka tumbo linakuwa kama la mjamzito, shirika la afya la AMREF walikuwa na mradi wa huo ugonjwa tu tangu miaka ya 1980. Tuliishi, ndiyo. Wengine.

Tuje kwenye serikali. Miji mingi ya Minnesota ina sheria ndogo ya mboji za nyumbani, inaorodhesha kinachoruhusiwa, majani, nyasi, maganda ya mboga, na kinyesi cha mbwa na paka kinakatazwa kwa jina. Mimi sikujua kuna sheria ya rundo la taka uani kwangu mwenyewe! Jirani akasikia harufu. Kwetu jirani angesimama kwenye uzio akanitukana, tungegombana, jioni mjumbe angetupatanisha. Huku huyu bwana ananipungia mkono kila asubuhi, ana tabasamu, aliwahi hata kutuletea keki, kumbe kashapiga simu mjini. Mbwa wake anasukumwa kwenye kigari cha mtoto na ana sherehe ya birthday, lakini kunigongea mlango aniambie ndugu yangu pipa lako linanuka, hawezi. Sijaelewa mpaka leo. Nawahudumia wazee wao usiku kucha na wengi hawatembelewi na mtu mwezi mzima, ila mbwa halali peke yake.

Mkaguzi alikuja nikiwa nimelala. Ikaja barua. Nikaiweka kwenye lile rundo la matangazo ya pizza na kadi za benki, maana sanduku la posta huku kila siku linajaa takataka. BARUA YENYE JINA LA MJI WAKO IFUNGUE SIKU HIYO HIYO. Yangu ilikuwa imenipa siku kumi niondoe. Siku zikapita, wakaja wenyewe na gari, wakabeba pipa, wakachota na udongo wa bustani, wakaniletea bili ya dola 600 na ushee, na nilivyochelewa tena kulipa ikahamia kwenye kodi ya jengo, ile ya serikali, na riba juu. Usifikirie utaenda kuongea na bwana afya muelewane. Huku hakuna kuelewana, kuna tarehe.

Ninachofanya siku hizi ni rahisi mpaka aibu. Naokota, nafunga mfuko, naweka ndani ya mfuko wa pili, natupa kwenye pipa la taka za kawaida. Basi. Kama una uwanja na mji wako unaruhusu, unaweza kuchimba shimo la kinyesi, ndoo iliyotobolewa chini inafukiwa na mfuniko juu, mbali na bustani na mbali na maji, ila kwenye udongo wa mfinyanzi kama wetu maji hayanywei na baridi ikishuka hakuna kinachooza. Kama mnafuga wengi kweli, au mmeungana nyumba kadhaa, fuateni mwongozo wa Alaska neno kwa neno, na themometa isiposoma 60 kwa siku kadhaa mfululizo hamjatengeneza kitu. Dawa ya minyoo ya mbwa usikose. Na usiyasogeze barabarani ukasema mvua itayaondoa, ile mifereji ya barabarani inaenda moja kwa moja ziwani na mtoni bila kusafishwa, na theluji inapoyeyuka mwezi wa nne kila kitu ulichoacha tangu krismasi kinajitokeza mbele ya majirani.

Kama ulishayaweka kwenye mboga, ng'oa yote, tupa, na eneo hilo panda maua. Mimi nimepanda alizeti za kuangalia tu. Wageni wanapokuja nawaambia kabla hawajavua viatu: pale nyuma msichume kitu.

Mama mkwe alirudi Moshi mwezi wa tisa. Kila jumapili akipiga simu anasalimia watoto, anamuulizia Simba, halafu anashusha sauti kidogo, "Baba Neema, na ule mchicha... kweli ndo mliutupa wote?"