Somo: Namna ya kumtambua mtakatifu katika picha au sanamu kabla ya kumtaja jina

Miaka kadhaa iliyopita niliwaongoza wageni katika kanisa moja la hapa pwani, nikasimama mbele ya sanamu ya mwanamume aliyembeba Mtoto Yesu na kushika ua la yungiyungi, nikawaambia bila kusita kwamba huyo ni Mtakatifu Yosefu. Mama mmoja aliyekuwa akisali rozari aliningoja nimalize, akanivuta kando kwa upole na kunionyesha kamba iliyofungwa kiunoni mwa sanamu ile. Alikuwa Mtakatifu Antoni wa Padua, na kosa hilo liliniuma zaidi kwa kuwa ndiye msimamizi wa kanisa kuu la Jimbo letu la Malindi. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, nami ninawaomba waelekezi wenzangu na makatekista waishike: usimtaje mtakatifu kwa alama moja, bali ngoja mpaka alama mbili zikubaliane.

Uso hautusaidii sana. Wachoraji waliowachora watakatifu wa kale hawakuwahi kuwaona, isipokuwa wale wa karibuni kama Teresa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 na ambaye picha zake za kamera zipo. Petro na Paulo ndio hasa waliopewa sura zinazorudiwa tangu zama za kale: Petro ana nywele fupi za mvi na ndevu za mviringo, naye Paulo ana upara na ndevu ndefu zilizochongoka.

Hatua ya kwanza: tazama kichwa.

Duara la nuru likiwa na msalaba ndani yake, unayemtazama ni Kristo, hata akiwa amechorwa kama mtoto au kama mwanakondoo. Duara lisilo na msalaba ni la watakatifu na malaika. Katika picha za kale za Italia utaona pia nuru ya mraba, nayo ilimaanisha kwamba mtu huyo alikuwa bado hai wakati picha inatengenezwa.

Hatua ya pili: tazama vazi.

Kanzu ya kahawia au ya kijivu yenye kamba ya mafundo matatu ni ya Wafransisko, yaani watawa wa shirika la Fransisko wa Asizi, na mafundo hayo ni nadhiri zao za ufukara, useja na utii. Kanzu nyeupe chini ya joho jeusi ni ya Wadominiko, shirika jingine la watawa. Kofia nyekundu pana ni ya kardinali, na mara nyingi utaiona kwa Jeromu, ingawa alifariki mwaka 420, zamani sana kabla ya makardinali kuvaa kofia hiyo.

Hatua ya tatu: tazama mikono, na hapa usiwe na haraka.

Anza na tawi la mtende, ambalo ni alama ya mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani. Sisi wa pwani huliona tukadhani ni kuti la mnazi, lakini nasaba yake iko karibu zaidi na mkindu ambao mama zetu husukia mikeka. Tawi hilo linakuambia namna alivyokufa bila kukuambia jina lake, kwa hiyo tafuta kitu cha pili. Gurudumu lililovunjika ni la Katarina wa Aleksandria, mnara wenye madirisha matatu ni wa Barbara, mwanakondoo ni wa Agnes, na macho mawili juu ya sahani ni ya Lusia. Kijana mwenye vazi la shemasi na wavu wa chuma wa kuchomea ni Laurenti, aliyeuawa Roma mwaka 258. Shemasi mwenye mawe ni Stefano.

Upanga ndio unaowapoteza watu wengi. Paulo anao kwa sababu alikatwa kichwa, Katarina anao kwa sababu gurudumu lilipovunjika aliuawa kwa upanga, na malaika mkuu Mikaeli anao kwa sababu alipigana na joka. Ukiona upanga na mizani, au upanga na mabawa, huyo ni Mikaeli. Ukiona upanga na kitabu mkononi mwa mzee mwenye upara, huyo ni Paulo. Funguo ni za Petro, kutokana na maneno aliyoambiwa katika Mathayo 16:19, na msalaba wenye umbo la X ni wa Andrea, ndugu yake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Yosefu na Antoni wote wawili huweza kumbeba Mtoto na kushika yungiyungi. Lakini Yosefu ni mtu mzima mwenye ndevu, na pengine ana kifaa cha useremala kando yake, wakati Antoni kwa kawaida ni kijana asiye na ndevu, amenyolewa utosi kitawa, amefungwa kamba ya Kifransisko, na mara nyingi Mtoto ameketi juu ya kitabu chake.

Hatua ya nne: soma maandishi.

Katika picha ya Mama wa Msaada Daima, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, herufi za Kigiriki zilizo pande mbili za kichwa cha Maria ni kifupisho cha Mama wa Mungu, na IC XC ni Yesu Kristo. Malaika aliye kushoto kwako ni Mikaeli, mwenye mkuki na sifongo, na aliye kulia ni Gabrieli, mwenye msalaba na misumari.

Maswali ya wanachama

Mwelekezi kutoka Lamu: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mwislamu, na mgeni alinionyesha picha ya simba mwenye mabawa akishika kitabu. Je, huyo naye ni mtakatifu?

Marahaba, ndugu yangu. Simba huyo ni alama ya Marko, mwandishi wa Injili, ambaye ni msimamizi wa mji wa Venice. Mathayo huwakilishwa na mtu mwenye mabawa, Luka na ng'ombe, na Yohana na tai, kutokana na viumbe wanne wa Ufunuo 4:7. Simba asiye na mabawa, aliyelala miguuni mwa mzee anayeandika, ni wa Jeromu.

Katekista wa Malindi: Katika kanisa dogo la Wareno tunawaeleza wageni habari za Fransisko. Nitamtofautishaje na yule wa Asizi?

Anayehusishwa na mji wetu ni Fransisko Xaveri, aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea India. Yeye ni Mjesuiti, yaani mtawa wa Shirika la Yesu, kwa hiyo ana kanzu nyeusi na stola, ule ukanda mrefu ambao padre huvaa shingoni, ameinua msalaba, na mara nyingine miali ya moto inatoka kifuani. Pengine utaona pia kaa, yule mnyama wa baharini, kwa sababu inasimuliwa kwamba msalaba wake ulianguka baharini katika visiwa vya Maluku na kaa akamrudishia ufukoni. Yule wa Asizi ana kanzu ya kamba na majeraha mikononi na miguuni.

Mwanafunzi: Mashahidi wa Uganda nao wana alama gani?

Wakatoliki walio miongoni mwao ni 22, na walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Karoli Lwanga huonyeshwa na tawi la mtende na miali ya moto, maana alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ukimwona kijana anayembatiza mvulana, ni Lwanga akimbatiza Kizito kabla ya kupelekwa kuuawa.