Kumvisha Kanga Mhusika wa Gemu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa Dodoma anayetengeneza gemu ya simu, ambamo mhusika mkuu ni mama anayepiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Umbo la mhusika lilikuwa tayari na lililobaki lilikuwa kumvisha. Mafunzo mengi yanayopatikana mtandaoni huanza na fulana na suruali ya jinzi, nguo ambazo kitambaa chake kikigeuka juu chini hakuna atakayegundua. Kanga haikubali hivyo. Ina pindo pande zote, ina mji katikati na ina jina, na kimojawapo kikikaa kombo Mtanzania yeyote atakiona papo hapo.

Tekscha ni picha bapa inayofunikwa juu ya umbo la mhusika. Ninatumia Blender kwa umbo, Krita kwa kuchora na Godot kwa gemu yenyewe. Zote tatu ni za bure, na kwa mhusika mmoja zinafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Ninamsihi kila anayeanza aachane na programu zilizovunjwa ulinzi zinazopitishwa mkononi kwa flashi, kwa sababu huja na virusi, na gemu iliyotengenezwa nazo huwezi kuiuza kwa amani.

Hatua ya 1: Kitambaa halisi

Nunua au azima kanga, tafadhali usiokote picha mtandaoni. Pale Soko la Majengo utaipata ya rangi unayotaka, na utaweza kuipima kwa futi kamba, jambo ambalo picha ya mtandaoni haikupi. Ipige pasi, kisha itandaze chini kwenye kivuli cha ukuta, kwa maana jua la Dodoma kuanzia saa nne asubuhi hukausha rangi zote kwenye picha, na upepo wa kiangazi hauruhusu kuitundika kwenye kamba. Mikunjo lazima iondoke kabisa. Kivuli cha mkunjo kikishaingia kwenye tekscha kitabaki palepale hata pale mwanga wa ndani ya gemu unapotokea upande mwingine, na nguo itaonekana chafu. Weka karatasi nyeupe pembeni ili baadaye uwe na cha kusahihishia rangi.

Picha hiyo itumie kwa ajili ya rangi, vipimo na mpangilio tu. Nakshi ichore mwenyewe, kwa kuwa nakshi ya kanga ni kazi ya msanifu na kiwanda, na gemu yako itakwenda sokoni.

Hatua ya 2: Ukubwa wa picha

Pikseli 1024 kwa 1024 zinatosha. Picha ya 2048 kwa 2048 isiyobanwa hula megabaiti 16 za kumbukumbu, wakati ile ya 1024 hula 4, na wachezaji wako wengi watakuwa kwenye simu za bei nafuu. Hata hivyo usishuke hadi 512. Kanga ya sentimita 150 kwa 100 ikiwekwa kwenye upana wa pikseli 1024, mita moja hupata takriban pikseli 683, na herufi ya jina yenye kimo cha sentimita 4 hupata kama 27. Ukienda 512 herufi hiyo inabaki na pikseli kama 14 na haisomeki. Eneo linalosalia chini ya kanga litatumika kwa blauzi na kilemba.

Hatua ya 3: Kuchora

Kwenye Krita bonyeza W ili picha ijirudie pande zote unapochora, na mji wa kanga utaungana wenyewe bila alama. Pindo, mji na jina kila kimoja kikae kwenye tabaka lake. Jina liandikwe kwa herufi kubwa na nene.

Hatua ya 4: Kulifungua umbo

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo mwanafunzi niliyemsaidia alikuwa amekwama. Tekscha yake ilikuwa nzuri, lakini kwenye mgongo wa mhusika jina HABA NA HABA HUJAZA KIBABA lilifika katikati, kisha likaanza kurudi nyuma kama linavyosomwa kwenye kioo.

Chanzo chake ni namna wahusika wanavyoundwa. Wengi huunda nusu ya mwili na kuiachia Blender izalishe nusu ya pili kwa Mirror. Nusu hizo mbili hutumia eneo lilelile la ramani ya UV, yaani ramani inayoeleza kila kipande cha umbo kinachukua sehemu gani ya picha. Kwa fulana nyeupe huo ni ubanaji mzuri wa nafasi, ila kwa kitambaa chenye maandishi ni balaa. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote (kufungua ni kulitandaza umbo likawa bapa kwenye ramani hiyo), ithibitishe Mirror kwa amri ya Apply, thibitisha pia vipimo vya umbo kwa Ctrl+A kisha Scale, halafu ufungue kanga nzima upya kama kipande kimoja. Kuithibitisha Mirror peke yake hakutoshi, kwa sababu nusu zote mbili zitaendelea kulaliana kwenye ramani mpaka uzifungue tena.

Ili kujua kama kuna sehemu iliyogeuka, mvishe mhusika kwanza picha ya majaribio ambayo Blender huizalisha yenyewe kwa jina la Color Grid, yenye herufi na tarakimu. Usijaribu kwa neno lako mwenyewe bila kulichunguza, kwa sababu herufi A, H, M, O na T zinafanana pande zote mbili. Katika HABA ni B peke yake inayokufichulia kosa, na ukiangalia haraka itakupita.

Linalofuata ni mahali pa kupasulia umbo, na msimamo wangu hapa haubadiliki: mpasuo wa umbo ufuate ukingo wa kitambaa halisi. Mafunzo mengi husema uufiche mgongoni. Kwa kanga hilo ni kosa, maana mgongoni ndipo jina linapokaa. Mama akijifunga kanga kiunoni, ukingo wa nje huishia mbele au ubavuni, na hapo ndipo pindo la wima huonekana. Chagua mstari huo kutoka kiunoni hadi chini, tumia Mark Seam, amri inayouweka kuwa mpasuo, na kanga itafunguka kama mstatili.

Mstatili huo usiutandaze juu ya picha nzima ya kanga. Chukua mhusika mwenye nyonga za sentimita 100. Kanga yake ina sentimita 150, kwa hiyo 50 zimefichwa ndani ya mkunjo. Ukitandaza picha nzima kwenye umbo, kila ua linabanwa kwa theluthi moja na jina linakuwa jembamba. Tumia theluthi mbili tu za upana, kuanzia ukingo wa nje, yaani pikseli 683 kati ya 1024. Kwa vipimo hivi, ukingo wa nje ukiwekwa kwenye nyonga ya kushoto na kitambaa kikapita mbele kwenda kulia, katikati ya kanga, yaani sentimita 75 kutoka ukingoni, huangukia mgongoni penyewe. Jina litakaa mahali pake bila kulisukuma. Ukibadilisha unene wa mhusika, piga hesabu upya.

Mistari ikitoka imepinda, nyoosha kipande kimoja cha pembe nne, chagua vingine vyote, kimalizie hicho kiwe cha mwisho kuchaguliwa, kisha tumia Follow Active Quads, amri inayovipanga vingine kwa kukifuata hicho, kwa chaguo la Length Average. Amri hii hukatika inapokutana na pembetatu, kwa hiyo kanga iundwe kwa vipande vya pembe nne tangu mwanzo. Pindo la chini likiwa halijanyooka baada ya hapo, tatizo liko kwenye umbo na si kwenye picha, wala usilitibu kwa kuchora pindo lililopinda.

Hatua ya 5: Kingo

Rangi ya kila kipande ivuke mpaka wake kwa pikseli 8 hivi. Mhusika akiwa mbali, gemu hutumia nakala ndogo za picha ambamo pikseli jirani huchanganywa, na usipovusha rangi utaona uzi mweupe kwenye mpasuo.

Hatua ya 6: Ufumaji wa pamba

Ramani ya mwinuko (normal map), yaani picha inayoifanya nguo ionekane ina nyuzi zilizoinuka, iwe hafifu sana, kwani kanga ni pamba nyepesi. Blender na Godot husoma rangi ya kijani ya ramani hiyo kwa namna moja, ilhali Unreal, programu nyingine ya kutengenezea gemu, huisoma kinyume. Ndani ya Blender iweke Non-Color, ili isisomwe kama rangi.

Hatua ya 7: Kwenye simu

Katika Godot 4 washa ETC2 na ASTC, aina za ubanaji wa picha kwa simu, kwenye mipangilio ya mradi, ruhusu mipmaps, zile nakala ndogo za Hatua ya 5, na chagua VRAM Compressed. Ubanaji wa ETC2 huigawa picha katika miraba ya pikseli 4 kwa 4, na herufi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi ndizo huharibika kwanza. Msogeze mhusika hadi umbali ambao mchezaji atamwona, geuza mgongo wake kwako, na usome jina. Lisiposomeka, rudi kwenye tabaka la jina, nenepesha herufi, kisha uhamishe picha upya.